Mtoto wa Nguruwe Anapohema kwa Tumbo: Jinsi ya Kusaka Chanzo cha Maradhi ya Kifua Bandani

Mtoto wa nguruwe wa wiki tatu amejitenga na wenzake. Mbavu zake hazisogei sana, lakini ubavu wa nyuma, pale tumbo linapokutana na paja, unaingia na kutoka kwa nguvu kila anapovuta pumzi. Mfugaji anamtazama, anasema "kichomi", anachukua sindano ya antibiotiki. Siku tano zinapita, mtoto bado anahema vilevile na wawili wengine wameanza. Dawa inabadilishwa. Katika siku zote hizo hakuna aliyemnyanyua akatazama masikio yake penye mwanga, akaona yalivyopauka.

Mapafu ya mtoto yule hayana kasoro. Alichopungukiwa ni damu. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na akiba ndogo mno ya madini ya chuma, na ili akue anahitaji takriban miligramu 7 kila siku, ilhali maziwa ya mama humpa karibu miligramu 1 tu. Anayekulia kwenye udongo huokota chuma akifukua. Anayekulia juu ya saruji hana pa kukipata. Damu ikipungua, hewa safi haifiki mwilini kama inavyotakiwa, na moyo na mapafu hulazimika kukimbia kufidia pengo. Ndiyo maana watoto wanaolelewa ndani huchomwa sindano ya chuma, kwa kawaida miligramu 200, katika siku za mwanzo za uhai wao. Aliyeikosa hufanana kabisa na mgonjwa wa mapafu, na unaweza kumaliza kabati zima la antibiotiki bila kumsaidia.

Nimeanza na mtoto huyu kwa sababu kosa lililomkuta ndilo ninaloliona likiwaumiza nguruwe wengi kuliko bakteria yeyote: dawa kutangulia swali. Kuhema kwa shida, kukohoa na kupiga chafya ni dalili, na nyuma ya kila dalili wamejificha wengi. Wapo virusi, wapo bakteria, wapo minyoo, kuna joto, kuna hewa chafu, kuna upungufu wa damu, kuna moyo mbovu. Mara nyingi wawili au watatu kati yao wako kazini kwa pamoja. Kuwatenganisha kunawezekana, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwa macho, masikio, kipimajoto na daftari kabla maabara haijaguswa.

Simama kwanza mlangoni

Uchunguzi mzuri huanza nguruwe wakiwa hawajajua kwamba umefika. Nguruwe aliyeshtuka huhema haraka hata akiwa mzima, kwa hiyo ukiingia kwa kishindo umeshaharibu kipimo chako cha kwanza. Simama kimya, chagua waliolala, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto mchanga hupumua mara 50 hadi 60 kwa dakika, na aliyeachishwa kunyonya hupumua mara 25 hadi 40. Mtoto wa wiki saba aliyelala kivulini na bado anapumua mara 70 ana tatizo, hata kama hajakohoa hata mara moja.

Baada ya hapo waamshe wote, wasubiri kidogo watulie, kisha hesabu vikohozi na chafya kwa dakika mbili au tatu. Andika vikohozi upande mmoja na chafya upande mwingine, pamoja na idadi ya nguruwe waliomo chumbani. Rudia mara mbili zaidi. Zoezi hili halina fahari yoyote na wengi hulipuuza, lakini bila namba hutajua kesho kama hali imekuwa nafuu au wewe ndiye umeizoea.

Sauti zenyewe zinasema jambo. Chafya hutoka puani, kwa hiyo ugomvi uko juu. Kikohozi hutoka kwenye koo la hewa na matawi yake. Kuhema kwa tumbo bila sauti kubwa kunamaanisha mapafu yenyewe yameshikwa ndani, au utando unaoyafunika umevimba na kila pumzi ni maumivu. Huyu wa tatu ndiye wa kuogopwa zaidi, na kwa bahati mbaya ndiye asiyepiga kelele. Ukimwona amekaa kitako kama mbwa, miguu ya mbele ameitanua ili kifua kipate nafasi, usisubiri kesho.

Vikohozi navyo vina tabia. Kuna kile kikavu, kinachokuja kwa mfululizo nguruwe anapoamka au anapokimbizwa, huku mwenyewe akiendelea kula kama kawaida. Hicho ni desturi ya bakteria aitwaye mikoplasma. Kuna kile kizito kinachofanana na kubweka, chumba kizima kikiitikiana, ambacho huja na mafua ya nguruwe. Na kuna kile kifupi, kilichokatizwa katikati kwa sababu kinauma, ambacho huelekeza kwenye utando wa mapafu uliovimba.

Chafya kwa watoto wanaonyonya huwashtua wafugaji, lakini mara nyingi chanzo ni kidogo: vumbi, amonia, au virusi wa puani ambao wengi hupona bila kuachiwa alama. Zinageuka kuwa jambo kubwa pale unapoona machozi yameacha michirizi myeusi chini ya jicho, damu inatoka puani, na wiki chache baadaye pua inaanza kupinda upande au kuwa fupi yenye makunyanzi. Hapo mshukiwa ni bakteria aitwaye Pasteurella multocida wa aina inayotoa sumu. Sumu hiyo hula vijikunjo vya mifupa laini vilivyo ndani ya pua, vile vinavyochuja na kupasha joto hewa kabla haijafika mapafuni. Bakteria mwingine, Bordetella bronchiseptica, huweza kuharibu vijikunjo hivyo pia, ila akiwa peke yake madhara huwa mepesi na mifupa hujirudi. Njia ya kuhakikisha ni kukata pua ya nguruwe aliyekufa au kuchinjwa kwa msumeno, kukingama usawa wa magego ya kwanza, na kutazama kama vijikunjo vimejaza nafasi au pamebaki pango.

Je, ugonjwa unafuata umri au unafuata tarehe?

Kama ningeruhusiwa kumuuliza mfugaji swali moja tu, ningeuliza hili. Chukua daftari, andika kila chumba, umri wa waliomo, na siku kikohozi kilipoanza. Kisha tazama mpangilio.

Ikiwa kila kundi linaanza kukohoa likifika umri uleule, tuseme wiki ya sita, lile la mwezi uliopita na lile la kabla yake pia, basi chanzo kinaishi ndani ya shamba. Kipo kwa mama wanaonyonyesha, au kwa wakubwa wanaochanganywa na wadogo, au kwenye chumba chenyewe ambacho kundi linahamia katika umri huo. Ikiwa nguruwe wa umri wote wameanza ndani ya siku mbili au tatu, wanaonyonya, walioachishwa na mama zao, basi kuna kitu kimeingia kutoka nje juzi: nguruwe mpya, mgeni, gari, au joto kali la ghafla. Njia hizi mbili zinapeleka kwenye washukiwa tofauti kabisa, na hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kukutenganishia mapema namna hii.

Umri una maana kwa sababu ya kinga. Mtoto hupata askari wa kwanza wa mwili kupitia maziwa ya mwanzo ya mama, na askari hao hupungua wiki baada ya wiki. Kinga yake mwenyewe huchelewa kukomaa. Katikati pana pengo, nalo huangukia karibu na wakati wa kuachishwa kunyonya, ambapo anatengwa na mama, anabadilishiwa chakula na kuchanganywa na wageni kwa mara moja. Hapo, kati ya wiki ya nne na ya nane, ndipo bakteria aitwaye Glaesserella parasuis hupenda kupiga. Mtoto anapata homa kali, viungo vya miguu vinavimba, anahema kwa maumivu, na wengine hutetemeka au kuanguka kwa sababu utando wa ubongo nao umeshambuliwa. Bakteria mwingine, Streptococcus suis, hufanya uharibifu unaofanana sana na huo.

Kwa watoto walio chini ya wiki tatu orodha hubadilika. Wa kuwaangalia kwanza ni wenye upungufu wa damu, wenye nimonia ya Bordetella, na waliozaliwa na virusi vya PRRS, ugonjwa wa uzazi na kifua cha nguruwe, au kuvipata kwa mama mapema. Huyu wa mwisho anahitaji mtafutaji ageuke nyuma na kumtazama mama. Je, kuna mimba zilizotoka zikiwa karibu kutimia? Watoto waliozaliwa wafu, waliokauka tumboni, au wadhaifu wasioweza kusimama? PRRS hushambulia uzazi na kifua kwa pamoja, na ulipotokea Marekani mwaka 1987 wataalamu waliuita ugonjwa wa ajabu kwa sababu hawakuelewa kwa nini shamba lilelile linapoteza mimba na watoto wake wanahema. Virusi vyenyewe vilitambuliwa Lelystad, Uholanzi, mwaka 1991. Huingia ndani ya seli zinazofagia uchafu katika mapafu na kuziua, kisha bakteria waliokuwa wakikaa puani kwa amani hukuta nyumba haina mlinzi.

Mikoplasma, kwa upande wake, ni mvivu. Anakua polepole, na kutoka kuambukizwa hadi kukohoa huchukua wiki mbili hadi nane. Mtoto anaweza kumpokea kwa mama akiwa ananyonya, na kikohozi kikasikika akiwa na wiki kumi au zaidi. Kwa hiyo mfugaji mwenye watoto wa wiki mbili wanaokohoa asimweke mikoplasma juu ya orodha yake. Na mwenye nguruwe wa miezi mitatu wanaokohoa asidhani ugonjwa ulianza pale alipousikia.

Kasi na joto

Mafua ya nguruwe huja kama dhoruba. Jana walikula vizuri, leo karibu chumba kizima kimelala, hakuna anayetaka kuamka, joto liko kati ya digrii 40.5 na 41.5, na wakisukumwa wanabweka kikohozi. Hutisha sana. Hata hivyo, yakija peke yake, wengi huwa wamesimama ndani ya siku tano hadi saba na vifo huwa vichache.

Bakteria aitwaye Actinobacillus pleuropneumoniae ana tabia kinyume. Haangushi chumba kizima. Anachagua wachache, mara nyingi wale waliokuwa wanakua vizuri, na kuwaua kwa saa chache au siku moja na nusu. Joto hupanda juu ya 41, masikio na pua hugeuka rangi ya samawati, na povu lenye damu huonekana mdomoni au puani. Anayenusurika hubaki na makovu mapafuni na kuendelea kuwaambukiza wenzake.

Mikoplasma akiwa peke yake halazi mtu. Hakuna homa ya maana, chakula kinaliwa, vifo havipo. Kinachoonekana baada ya muda ni kundi lililokosa usawa, wakubwa wakubwa na wadogo wadogo, wote wamezaliwa wiki moja.

Kwa sababu hizi kipimajoto kina thamani kuliko chupa nyingi za dawa. Mtoto aliyeachishwa kunyonya ana joto la kawaida la karibu 39.3. Pima watano au sita, na usipime wale waliozidiwa tu, maana anayekaribia kufa joto lake hushuka chini ya kawaida na litakudanganya. Mtafute aliyeanza leo asubuhi: yule anayechelewa kufika kwenye chakula, manyoya yamesimama kidogo, macho hayana ung'avu.

Vyanzo visivyo vijidudu

Joto la hewa ni rahisi kulitambua ukilifikiria, na ni rahisi kulisahau usipolifikiria. Nguruwe hawezi kujipoza kwa jasho. Siku ya joto wote watahema pamoja, wakiwa wamelala mbalimbali bila kugusana, na wakinyunyiziwa maji na kupata upepo pumzi zitashuka. Mgonjwa wa mapafu hatapona kwa ndoo ya maji.

Hewa ya banda inapimwa ukiwa umechuchumaa. Amonia inayotoka kwenye mkojo na kinyesi, pamoja na vumbi la chakula, humkuta nguruwe chini, usawa wa pua yake, na mtu aliyesimama mlangoni na dirisha wazi mgongoni hatambui hali ilivyo. Chuchumaa katikati ya chumba asubuhi kabla hakijasafishwa, ukae dakika chache. Macho yakianza kuwasha, hewa hiyo imeshavuka kiwango. Inapozidi sehemu 25 kwa milioni huwa inaharibu vinyweleo vinavyosukuma uchafu kutoka kwenye njia ya hewa, na bakteria wanapanda bila upinzani. Ni vema iwe chini ya 10. Pua ya mfanyakazi wa kila siku haiaminiki hapa, kwa kuwa imeshazoea. Mwite asiyefanya kazi bandani.

Minyoo inastahili neno refu kidogo kwa sababu kipimo chake hupotosha. Mayai ya mnyoo mkubwa wa mviringo, Ascaris suum, yakimezwa, viluwiluwi vyake hupasua utumbo, hupita kwenye ini, na ndani ya wiki moja hivi huwa mapafuni. Hapo nguruwe anakohoa na kuhema kwa tumbo. Mfugaji anapeleka kinyesi maabara, jibu linarudi safi, naye anaifuta minyoo kwenye orodha. Lakini mnyoo huanza kutaga mayai wiki sita hadi nane tangu kumezwa. Wakati kifua kinasumbuka, kinyesi kinakuwa bado hakina cha kuonyesha. Shahidi wa kweli ni ini: ukimfungua nguruwe ukakuta madoa meupe kama matone ya maziwa, viluwiluwi vimepita hapo si siku nyingi. Kwa nguruwe wanaofukua ardhini kuna pia minyoo ya mapafuni, ambayo lazima ipitie kwa nyungunyungu, kwa hiyo usiitafute kwa waliozaliwa na kukulia kwenye saruji. Hujificha kwenye ncha za nyuma kabisa za mapafu.

Kumfungua aliyekufa

Kabla ya kisu, tahadhari moja. Vifo vikiwa vya umri wote, homa ni kali, ngozi ya masikio na tumbo imekuwa nyekundu au zambarau, na kuna damu inayotoka, acha mzoga ulivyo. Hiyo inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika. Haina tiba, damu yake imejaa virusi, na kumfungua mzoga bandani ni kuisambaza. Funga lango, usitoe wala kuingiza nguruwe, mwite daktari wa mifugo wa serikali.

Kama hali haipo hivyo, mapafu ndiyo ukurasa unaosomeka vizuri kuliko wote, mradi umechagua nguruwe sahihi. Wengi hufungua yule dhaifu aliyedumaa mwezi mzima na kuchomwa kila dawa. Mapafu yake yatakuonyesha abiria wa mwisho waliopanda, na dereva ameshashuka zamani. Unamtaka aliyekufa saa chache zilizopita au aliyeugua jana, asiyepewa dawa, na kama inawezekana wawili au watatu wa namna hiyo. Vaa glavu. Streptococcus suis huingia kwa binadamu kupitia mchubuko mdogo wa mkono na huweza kuleta homa ya uti wa mgongo.

Tazama kwanza mahali ugonjwa ulipokaa. Sehemu za mbele na chini zikiwa na rangi ya zambarau au kijivu, ngumu kama ini, mpaka wake umekatika wazi kutoka kwenye sehemu nzima, basi ugonjwa uliingia kwa njia ya hewa: mikoplasma, mafua, na mara nyingi Pasteurella aliyewafuata. Madonge meusi magumu yaliyoinuka sehemu za nyuma na juu, yakiwa yamefunikwa na utando wa njano unaogandisha mapafu kwenye mbavu, humwelekea Actinobacillus. Mapafu yote yakiwa kama mpira, hayanywei kifua kinapofunguliwa, yana mabaka ya rangi ya kahawia hafifu, fikiria virusi kama PRRS au virusi vya sako (circovirus), au bakteria wa Salmonela aliyeenea kwa damu. Nyuzi za njano kama ute wa yai uliopikwa zikitanda kwenye moyo, mapafu, tumbo na viungo vya miguu, rudi kwa Glaesserella na Streptococcus.

Mfuko wa moyo uliojaa maji, na moyo wenye madoa ya damu kama tunda la forosadi, ni habari nyingine kabisa. Huo ni upungufu wa vitamini E na seleniamu, na nguruwe alihema kwa sababu moyo ulishindwa.

Mambo mawili huwapotosha wanaoanza. Upande wa mapafu uliolaliwa na mzoga huwa mweusi kwa sababu damu imeteremka huko, nao si ugonjwa. Kata kipande, kitie kwenye maji: pafu lenye hewa litaelea, lililoganda kwa nimonia litazama. Jambo la pili ni mapafu ya machinjioni. Yana faida kubwa kwa kulijua shamba kwa ujumla, ila vidonda vya mikoplasma hupona ndani ya miezi miwili au mitatu. Nguruwe aliyeugua sana akiwa mdogo anaweza kufika machinjioni na mapafu yanayoonekana masafi, yenye vikovu vyembamba tu.

Maabara hujibu ulichouliza

Sampuli ya pafu ichukuliwe kwenye mpaka wa sehemu mbovu na nzima, ambako vijidudu bado vina uhai. Katikati ya donge lililooza utaotesha takataka. Kwa ajili ya kuotesha bakteria ipoozwe kwenye digrii 4 bila kugandishwa, ifike haraka. Formalini huua bakteria, kwa hiyo kipande kinachotiwa humo ni cha kutazamwa kwa darubini peke yake, nacho kisizidi unene wa sentimita moja, la sivyo katikati kitaoza kabla dawa haijapenya.

Kwa walio hai kuna njia ninayoipenda kwa upole wake. Kamba ya pamba hutundikwa chumbani usawa wa mabega yao, na kwa udadisi wa nguruwe, ndani ya dakika 20 hadi 30 wengi watakuwa wameitafuna. Mate yakikamuliwa yanapimwa kwa PCR, kipimo kinachosaka chembe za urithi za kijidudu, kutafuta PRRS, mafua au virusi vya sako, na umepata habari za chumba kizima bila kumkamata hata mmoja. Kwa mafua, wahi. Nguruwe hutoa virusi kwa siku chache za mwanzo, na ukichelewa wiki moja utapata jibu la hapana kwa ugonjwa uliokuwepo.

Idadi ya sampuli nayo ni hesabu. Tuseme nguruwe 30 kati ya kila 100 wana virusi unavyovitafuta. Ukipima mmoja, uwezekano wa kuvikosa ni asilimia 70. Ukipima kumi, unashuka hadi karibu asilimia 3. Shamba linaloambiwa "hatuna PRRS" kwa damu ya nguruwe mmoja halijaambiwa kitu.

Kisha kuna kusoma majibu, na hapa ndipo nimeona watu makini wakiteleza. PCR ikisema ndiyo, imesema kijidudu kipo, haijasema ndicho kilichoua. Glaesserella na Streptococcus suis hukaa puani mwa nguruwe wazima kila siku. Jibu la ndiyo kutoka puani halina uzito. Jibu la ndiyo kutoka kwenye mfuko wa moyo, kiungo kilichovimba au ubongo lina uzito mkubwa. Kipimo cha kingamwili katika damu kina mtego wake: kingamwili hizo zinaweza kuwa za mama, za chanjo, au za ugonjwa wenyewe, na mara nyingi kipimo hakizitenganishi. Njia ni kupima wanyama walewale mara mbili kwa kupishana wiki mbili au tatu. Zikipanda, mwili umepigana hivi karibuni. Zikishuka, zilikuwa urithi wa mama unaokwisha.

Mara nyingi jibu litakuja na majina matatu. Hilo si kosa la maabara, ndivyo maradhi ya kifua ya nguruwe yalivyo. Kinachobaki ni kuuliza nani alitangulia, na hapo unarudi kwenye daftari: homa ilianza lini, kikohozi lini, vifo lini. Mafua ya wiki iliyopita yaliyoisha yenyewe yanaweza kuwa ndiyo yaliyofungua mlango kwa Pasteurella anayeua leo.

Kujaribu dawa ili kuona kama itafanya kazi ni kipimo dhaifu. Mafua hupona yenyewe siku ya sita, na sindano ya siku ya tano hupewa sifa isiyo yake. Penisilini haimgusi mikoplasma kabisa, kwa sababu dawa hiyo huvunja ukuta wa bakteria naye hana ukuta. Sisemi wagonjwa waachwe. Actinobacillus akiingia, kusubiri maabara ni kuwazika, lazima watibiwe saa hiyohiyo. Ila kumfungua mmoja aliyekufa na kuchukua sampuli kabla ya sindano ya kwanza huchukua dakika kumi, na dakika hizo hazirudi.

Kukosea chanzo huweza kuwagharimu hata watu. Malaysia, kati ya mwaka 1998 na 1999, nguruwe walikohoa kikohozi kikubwa cha kubweka huku watu waliowahudumia wakiugua ubongo. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya ubongo ya Kijapani inayoenezwa na mbu, na hatua zikaelekezwa kwa mbu. Kumbe walikuwa virusi vipya, vilivyoitwa Nipah, na vilikuwa vinatoka kwa nguruwe wenyewe. Zaidi ya watu 100 walikufa na karibu nguruwe milioni moja wakaangamizwa. Mafua nayo hupita pande zote mbili, kutoka kwa nguruwe kwenda kwa mtu na kutoka kwa mtu kwenda kwa nguruwe. Kwa hiyo swali la "nani ameugua nyumbani?" limo kwenye uchunguzi wa banda, na mfanyakazi mwenye mafua apumzike mbali na watoto.

Ukishaamua chanzo na kubadilisha unachobadilisha, iwe hewa, chanjo, umri wa kuachisha au dawa, usipime mafanikio kwa kundi hili ambalo limeshaharibika mapafu. Weka alama kwenye kalenda siku ambayo kundi linalofuata litafikia umri uleule. Asubuhi hiyo simama tena mlangoni, kimya, na daftari lako, uhesabu.